Kilomita Elfu Kumi na Tatu na Mama Mkwe

Tangu turudi sijakata pazia hata moja bila mtu kuingia dukani na kuvuta kiti. Wenzangu wa Dagoretti Corner wananiletea chai, wanakaa, wanasema, "Haya, Mama Shiko, hebu tuambie." Naanza, mteja anaingia kuulizia kitambaa, naachia katikati. Matokeo yake kila mmoja amebaki na kipande chake, na vipande havishikani. Nasikia kuna wanaosema tulifungwa London, na wengine kwamba Cucu alimpiga askari. Hakumpiga. Kwa hivyo nimekaa nimeandika yote mara moja, anayetaka asome, halafu mniache nifanye kazi. Cucu na mimi tulizungumza Kikuyu njia nzima, lakini nimeandika kwa Kiswahili ili Mama Halima wa duka la vyombo naye asome, maana yeye ndiye aliyeuliza zaidi.

Cucu ni mama mkwe wangu. Sote tunamwita hivyo, yaani bibi kwa Kikuyu, kwa sababu ya watoto. Ana vyumba vya kupangisha pale Kinoo, na amezoea kwamba akisema neno, mtu anahama. Mwanawe mdogo, Kamau, aliondoka zamani kwenda Kanada, akapata kazi katika mji unaoitwa Edmonton, na hakuwahi kurudi hata kwa mazishi ya baba yake. Mwaka huu akapiga simu kusema anaoa. Mume wangu, Mburu, ndiye aliyekuwa ampeleke mama yao, lakini wiki mbili kabla ya safari likizo yake ikafutwa kazini. Akanitazama mimi, Wairimu. Sikuwahi kukaa na Cucu chumba kimoja zaidi ya mlo mmoja.

Sasa mjue ugomvi ulianzia wapi. Mburu aliingia kwenye saiba moja karibu na ofisi yao mjini, wakati wa chakula cha mchana, akaiuliza kompyuta umbali wa kutoka Nairobi hadi Edmonton. Ikamwambia kilomita elfu kumi na tatu na ushee, na kwamba ndege huruka umbali huo kwa saa kumi na sita. Akaja nyumbani akamwambia mama yake, "Ni saa kumi na sita tu, Mama. Unalala, unaamka, umefika." Hakumwambia kwamba kompyuta ilipima mstari mmoja ulionyooka, na kwamba hakuna ndege hata moja inayopita kwenye mstari huo. Mimi nilijaribu kumweleza kwamba tutabadilisha ndege London, na tutangoja. Cucu akaniambia mwanawe amesoma.

Kwa hiyo alifunga chakula cha saa kumi na sita. Ana ugonjwa wa sukari, hali chakula asichokijua, na vidonge vyake huvila kwa saa yake ya mkononi. Nduma za kuchemsha, mayai, ndizi, na chai kwenye chupa kubwa. Hakuongeza hata yai moja la dharura.

KINOO HADI UWANJA WA NDEGE

Ndege yetu ilikuwa ya asubuhi ya Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi kabla ya mchana. Nilidhani tuna nafasi ya kutosha. Saa kumi na moja alfajiri ua wa Cucu ulikuwa umejaa wapangaji, waumini na majirani waliokuja kutuaga. Kila aliyeombwa kuomba kwa ufupi aliomba kwa urefu. Halafu Cucu akakumbuka kwamba rafiki yake wa Loresho ana kofia ya harusi ambayo alikubali kumwazima. Tukaiacha Waiyaki Way, tukaingia Loresho, tukagonga lango, tukangoja mbwa wafungwe. Rafiki akatoka na gauni la kulalia, akasema tusiondoke bila kuonja kitu. Kimani, mpwa wa mume wangu aliyekuwa anaendesha gari, alinong'ona, "Auntie, tukikwama hapo Westlands mimi sitaki lawama." Tulikwama. Nilifika uwanjani nikiwa nimeloa jasho, na safari haijaanza.

Kwenye ukaguzi, msichana mwenye sare akaishika chupa ya chai akasema haipiti. Cucu akauliza itapelekwa wapi. Msichana akasema itamwagwa. Cucu akamwambia kwamba ile ni chai ya maziwa, iliyopikwa na mtu aliyeamka usiku, na haitamwagwa. Akafungua kifuniko, akamimina, akanywa. Akamimina tena, akageuka nyuma akampa mtu aliyekuwa akifuata kwenye foleni. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Watu walikuwa wanaguna, mimi nilikuwa naomba ardhi inimeze, na yeye anagawa chai kwa kifuniko kimoja.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mzee wa Kisingasinga mwenye kilemba cha samawati na fimbo. Akaipokea chai kwa mikono miwili, akainywa polepole, kisha akamshukuru Cucu kwa Kikuyu safi kabisa. Cucu alikaribia kuangusha chupa. Mzee akasema jina lake ni Harbans, amezaliwa Limuru, baba yake alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na alikua akicheza na watoto wa wafanyakazi. Sasa anaishi Nairobi, na anakwenda Calgary, Kanada, kumwona binti yake. Kuanzia hapo Cucu alikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na mimi nikawa mbeba mizigo.

NAIROBI HADI LONDON

Ndani ya ndege Cucu alikataa kila kitu kilichopita. Kuku alimkataa kwa sababu hana mfupa, na mtu hawezi kujua nyama isiyo na mfupa imetoka kwa nani. Alifungua kiondo, akamenya nduma, akamenya yai. Harufu ya yai ikaenda viti sita mbele na sita nyuma. Mhudumu alikuja kwa upole akauliza kama kila kitu kiko sawa. Cucu akampa ndizi.

Niliposinzia aliniamsha kuuliza kama tumepita Misri. Niliposinzia tena aliniamsha kuniambia kwamba mhudumu ni mwembamba, pengine halipwi vizuri. Nilimwambia alale. Akasema atalala akifika, maana si mbali.

Tulipoanza kushuka alitoa ile kofia ya Loresho, nyeupe, yenye ua kubwa kama kabichi, akaivaa. Akapaka mafuta mikononi. Nilimwambia hii ni London, Mama, bado tuna ndege nyingine. Akasema sawa, lakini kofia hakuivua.

LONDON

Nilikosea jambo moja tu: nilikwenda msalani. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Nilimtafuta dukani, nikamtafuta kwenye vyoo vingine, nikauliza watu wawili waliofikiri naomba msaada wa fedha. Mwishowe nikaiona kofia, mbali, kwenye foleni ya uhamiaji, ikiwa imefika mbele kabisa. Alikuwa amefuata watu waliokuwa wakitoka, kwa sababu wanaotoka ndio waliofika.

Nilipomfikia, afisa alikuwa anamuuliza amekuja kufanya nini, na Mzee Harbans, ambaye alimwona akipotea akamfuata, alikuwa anatafsiri.

"Harusi ya mwanangu," Cucu alisema.

Afisa akauliza harusi iko wapi.

"Hapa," akasema Cucu, akimwonyesha milango iliyokuwa nyuma yake. "Watakuwa wananingoja hapo nje."

Ilituchukua muda mrefu kumshawishi afisa kwamba hajaribu kuingia Uingereza kwa hila, na muda mrefu zaidi kumshawishi Cucu kwamba Kamau hayuko nyuma ya ile milango. Hapo ndipo iliponilazimu kusema wazi, mbele ya watu, kwamba tumefika nusu ya njia. Aliivua kofia akaishika mkononi.

Tuliporudi kwenye sehemu ya kungojea, tukakuta ukungu umeshuka. Dirishani huoni hata bawa la ndege. Kwenye ubao safari zikaanza kufutwa moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayefuta ubao wa darasa, na yetu ikafutwa pia. Foleni ya kuulizia ilizunguka nguzo mara tatu. Mwanamke wa kaunta akasema labda kesho, na kwamba wenye ruhusa ya kuingia nchini watapelekwa hotelini. Sisi hatukuwa na ruhusa hiyo. Tungekaa kwenye viti.

Mzee Harbans alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Angeweza kwenda kuoga na kulala kitandani. Nilimwambia aende, asijali. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi naenda hoteli kufanya nini peke yangu? Hapa iko mama wa kuongea." Akakaa, fimbo katikati ya magoti.

Nikanunua kadi ya simu nikampigia Kamau. Akasema ukumbi umekwisha kulipiwa, mchungaji ana mazishi mchana huohuo, wageni wa mchumba wake wametoka mbali. Angeweza kusogeza mambo kwa saa moja, si zaidi. Aliuliza mama yake anaendeleaje. Nikamwambia vizuri, kwa sababu wakati ule sikuwa nimemtazama.

Nilimkuta anatetemeka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso na pale palikuwa na baridi. Saa kumi na sita zake zilikuwa zimekwisha, na chakula kimekwisha nazo, na kidonge alikuwa amekila kwa wakati wake juu ya tumbo tupu. Nilikimbia nikaleta juisi na mkate wenye samaki wa kopo. Juisi alikunywa kidogo kwa kunionea huruma. Mkate aliusukuma. Nikamsihi. Nikamkaripia, jambo ambalo sijawahi kufanya. Akafumba macho akasema hawezi kula kitu ambacho kinanuka kama mtungi usiooshwa tangu Pasaka.

Mzee Harbans alifungua begi lake akatoa furushi la karatasi ya foili: chapati nene zilizojazwa viazi, ambazo mkewe alimpikia za kumtosha hadi Calgary, na chupa ndogo ya achari. Akakata kipande, akakila yeye kwanza, akampa Cucu cha pili. Cucu akafumbua jicho. Akanusa. Akauliza kama viazi ni vya Limuru. Mzee akaapa kwamba ni vya Limuru. Akala. Akala cha pili na cha tatu, na mikono ikaacha kutetemeka. Mimi nilikwenda nikasimama nyuma ya nguzo nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, halafu nikarudi nikala ule mkate wa samaki.

LONDON HADI CALGARY

Kesho yake ukungu ukainuka, lakini kila aliyelala pale alitaka kuondoka kwanza. Nafasi za Edmonton hazikuwepo. Tulipewa viti kwenye ndege ya Calgary, ileile ya Mzee Harbans, na tukaahidiwa kindege kidogo cha kutumalizia. Cucu akaniuliza kama hicho kindege kipo kwenye ile kompyuta ya Mburu. Nilimwambia kompyuta ya Mburu ilale salama.

Safari hii alilala. Mimi sikulala hata dakika moja, kwa kuwa alilala juu ya bega langu, na kila nilipojisogeza aliguna.

Forodhani Calgary, kijana mwenye glavu akafungua sanduku la Cucu akatoa mfuko wa njahi, yale maharagwe yetu meusi yenye mstari mweupe. Cucu alikuwa amezichagua punje kwa punje kwa ajili ya mkamwana wake mpya, apikiwe atakapojifungua. Kijana akasema mbegu haziingii. Cucu akamweleza, kupitia mimi, kwamba bibi harusi akizaa bila njahi atakosa maziwa, na kwamba yeye kijana atakuwa amehusika. Nilitafsiri sehemu ya kwanza. Njahi zikabaki kwa kijana.

Halafu tukafika kwenye ubao tukasoma kwamba theluji imefunga uwanja wa Edmonton, na ile ndege ndogo haitaruka hadi kesho mchana. Kesho mchana harusi imekwisha.

Cucu alikaa juu ya sanduku. Akasema, bila kuniangalia, "Ningekuja na mwanangu, saa hizi ningekuwa nimefika."

Nilikuwa nimebeba kiondo chake na sanduku lake na koti lake na ile kofia tangu Nairobi. Nikajibu kabla sijafikiri. "Mwanao ndiye aliyekwambia saa kumi na sita, Mama. Mimi ndiye niliyekuja."

Katika miaka yote niliyoolewa Kinoo sikuwahi kumjibu hivyo. Mzee Harbans akaanza kusoma tangazo la bima lililokuwa ukutani. Cucu alivuta shali yake, hakusema neno, na hakulisema hadi asubuhi.

CALGARY HADI EDMONTON, KWA BARABARA

Binti ya Mzee Harbans alitupokea usiku ule kama watu wake. Mumewe, Jaspal, ni mtu wa maneno machache. Alitusikiliza wakati mkwewe akimweleza, akatoka nje akaitazama theluji, akarudi akasema barabara itafunguliwa alfajiri na atatupeleka yeye. Nilimwambia ni mbali mno. Akainua mabega.

Wakatuvisha makoti makubwa na viatu vya manyoya. Jaspal akaendesha, Cucu akakaa mbele, mimi na Mzee Harbans nyuma, maana naye alikataa kubaki. Alisema amekwisha kunywa chai ya harusi, lazima aione. Siku ya kawaida, walituambia, njia ile ni saa tatu. Siku ile magari yalikuwa yametapakaa mitaroni kama vitu vya kuchezea, na tulikwenda nyuma ya trekta la kusukuma theluji kwa mwendo wa mtu anayechunga mbuzi. Nilitazama saa hadi nikaacha kuitazama. Saa ya harusi ikafika tukiwa njiani. Ile saa moja ya nyongeza nayo ikaanza kwenda.

Cucu alikuwa anatazama tambarare nyeupe isiyo na mwisho. Mwishowe akasema neno lake la kwanza tangu jana. Aliuliza mashamba yote haya ni ya nani, na kwa nini hakuna aliyepanda hata mti wa mpaka. Mzee Harbans akamfasiria Jaspal. Jaspal akafikiri, akasema kwamba hata yeye amejiuliza. Kisha Cucu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na katika mkono huo mlikuwa na kipande cha chapati, kikubwa kuliko alichobakiza mwenyewe. Nilikipokea.

KANISANI

Tulifika watu wakiwa nje. Lilikuwa kanisa dogo la matofali, na wageni walikuwa wanaingia kwenye magari kuelekea ukumbini. Mpiga picha alikuwa anafunga vifaa vyake. Kamau alikuwa amesimama kwenye ngazi na suti nyeusi. Nilimtambua kwa jinsi anavyosimama kama Mburu. Alipoiona ile kofia ikitoka garini alikimbia, akateleza, akaanguka kifudifudi, akainuka akaja na theluji kidevuni. Alimkumbatia mama yake akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Cucu hakulia. Alimpangusa theluji, akamshika masikio yote mawili, akamkagua kama chumba ambacho mpangaji amekihama.

"Umeshaoa?" akauliza.

Kamau akasema walingoja, wakaongeza muda, mchungaji akasema hawezi kungoja zaidi.

Bibi harusi alikuja akiwa na koti juu ya gauni. Anaitwa Tess, ni muuguzi, mzaliwa wa Ufilipino, mfupi na mchangamfu. Aliinama, akauchukua mkono wa Cucu akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama wafanyavyo kwao kwa wazee. Cucu akanitazama kuona kama nimeona. Kisha akasema, "Rudini ndani."

Nilimweleza mchungaji, mwanaume mrefu mwembamba ambaye tayari alikuwa na funguo za gari mkononi. Alisema kwa upole kwamba kisheria wamekwisha kuwa mume na mke. Nikamtafsiria Cucu. Akasema haulizi sheria. Yeye ametoka Kinoo. Mchungaji alitazama saa, akatutazama: bibi mwenye kofia ya kabichi na viatu vya manyoya, mzee mwenye kilemba, Jaspal aliyekuwa amelala wima, na mimi ambaye sijui nilifananaje. Akarudisha funguo mfukoni.

Basi wakarudia, mbele ya kama watu ishirini waliorudi kutoka magarini. Maneno yaleyale, pete zilezile. Nilisimama kando ya Cucu nikimtafsiria sikioni. Walipomaliza, mchungaji akauliza kama mama angependa kuomba, nami nitafsiri kwa sauti ili wote wasikie.

Alisimama, akafumba macho, akaanza taratibu, akikata sentensi ili nimfuate. Akashukuru kwa ajili ya Kamau kwamba yu hai na ananenepa. Nikatafsiri. Akashukuru kwa ajili ya Tess na mkono wake wa adabu. Nikatafsiri. Akashukuru kwa ajili ya Harbans wa Limuru na chapati za mkewe. Nikatafsiri, watu wakacheka kidogo, na mzee akasafisha koo.

Halafu akasema, "Na nakushukuru kwa ajili ya Wairimu. Nimemsumbua kutoka Kinoo hadi hapa, na hakuniacha mahali popote. Ingekuwa ni mimi, mtu kama mimi ningemwacha London."

Watu walikuwa wanangoja. Nikasema kwa Kiingereza kwamba anamshukuru Mungu kwa safari njema.

Cucu akafumbua jicho moja.

"Hilo silo nililosema," akasema. "Sijasikia jina lako."

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Mungu amesikia, Mama, inatosha.

"Mungu anajua Kikuyu. Hawa hawajui. Waambie."

Nikawaambia. Yote, pamoja na ile ya London.